Kuchagua Shahada ya Saikolojia: Anza na Kazi, Rudi Nyuma Hadi Fomu

Barua iliyonirudisha darasani ilikuwa na mistari minne. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza ya saikolojia kwa alama nzuri tu, nikaomba uzamili katika saikolojia ya tiba, na idara ikanijibu: masomo ya takwimu hayatoshi, hakuna tasnifu ya utafiti, ombi halitaendelea. Nikalazimika kusoma mwaka mzima wa kujazia. Mwaka huo nimeshausamehe. Ninachoshindwa kujisamehe ni kwamba upungufu wote ule ulikuwa umeandikwa kwenye mtaala wa programu yangu tangu kabla sijaomba, ukurasa wa nne, na sikuwahi kuufungua. Nilisoma kijitabu cha rangi chenye picha ya wanafunzi wanaocheka chini ya mti, nikaingia mkenge.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuomba nafasi mwaka huu au ujao. Nimeupanga kwa hatua, ila hatua zenyewe hazilingani uzito. Ya kwanza na ya tatu ndizo za kuumiza kichwa. Nyingine unaweza kuzimaliza jioni moja.

Hatua ya 1: Taja kazi, usitaje somo

Muulize anayetaka kusoma saikolojia sababu yake, na mara nyingi utasikia "napenda kusaidia watu" au "watu huwa wananiambia siri zao." Siku yetu ya kwanza darasani mhadhiri alituuliza swali hilohilo, akasikiliza majibu yote kwa upole, kisha akageukia ubao akaandika fomula ya takwimu yenye alama ya kipeuo iliyofunika nusu ya ubao. Hakusema neno. Dada aliyekaa mbele yangu alifunga daftari lake taratibu.

Kupenda kusaidia watu kunaweza kukupeleka kwenye milango mingi, na funguo zake hazifanani. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili: husomea udaktari kwanza, ndipo akabobea. Shahada ya saikolojia haikufikishi hapo hata ukisoma miaka kumi, na kila mwaka kuna mtu anayeligundua hili akiwa tayari mwaka wa pili. Mwanasaikolojia wa tiba hupima, hutambua tatizo na hutibu kwa mbinu za mazungumzo na mazoezi zilizofanyiwa utafiti. Karibu kila nchi humtaka awe na masomo mengi juu ya shahada ya kwanza. Mnasihi humsaidia mtu anayepita kwenye msiba, mgogoro wa ndoa au uamuzi mgumu, na zipo shahada za unasihi zinazojitegemea ambazo mara nyingi humfikisha mtu kazini mapema zaidi. Afisa ustawi wa jamii naye ana shahada yake.

Halafu kuna wale wasiokutana na mgonjwa kabisa. Mwanasaikolojia wa kazi hubuni namna ya kufanya usaili usio na upendeleo au kuchunguza kwa nini zamu za usiku zinaleta ajali. Mwanasaikolojia wa elimu humpima mtoto anayeshindwa kusoma na kuwashauri walimu wake. Mwingine anakaa na timu inayotengeneza programu za simu, akitazama watumiaji wanakwama wapi. Na mtafiti yuko maabara akipima kumbukumbu kwa sehemu za sekunde. Wote hawa huitwa watu wa saikolojia, lakini ukiwaomba orodha ya masomo yaliyowafaa kazini, kila mmoja atakupa yake.

Ninasisitiza kazi kwa sababu kazi ndiyo yenye masharti ya leseni, na masharti hayo hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Cheti cha Ulaya kinachoitwa EuroPsy kinadai masomo ya miaka mitano pamoja na mwaka mmoja wa kazi chini ya usimamizi. Nchini Australia, kujiita mwanasaikolojia kunahitaji usajili, na njia ya kuufikia ni miaka isiyopungua sita ya masomo na mafunzo. Uingereza wamelinda majina mahususi, kama mwanasaikolojia wa tiba au wa elimu, yasitumiwe na asiyesajiliwa. Ila neno "mwanasaikolojia" peke yake halikulindwa, na ndiyo maana unaweza kulikuta hata kwenye kadi ya mtu aliyesoma kozi ya wiki sita. Nchini Marekani, anayetaka leseni ya mwanasaikolojia wa tiba kwa kawaida hupanda hadi shahada ya uzamivu. Ujerumani sheria yao mpya ya tiba ya kisaikolojia ilianza kutumika mwaka 2020: anayetaka leseni hiyo sasa lazima shahada yake ya kwanza na uzamili wake vyote viwe vimepangwa kwa vigezo vya sheria. Yaani uamuzi unaoufanya ukiwa na miaka kumi na tisa unaweza kufunga mlango utakaoubisha ukiwa na ishirini na sita.

Kwa hiyo chukua karatasi. Chini kabisa andika kazi unayoitaka na nchi unayotaka kuifanyia. Juu yake andika leseni au usajili unaohitajika. Juu yake, mafunzo chini ya usimamizi: saa ngapi, wapi. Juu yake, shahada ya pili au ya tatu inayokubalika. Juu yake, masharti ya kuingia kwenye shahada hiyo, na hapa nakili maneno yenyewe kama yalivyo kwenye tovuti ya chuo, usiandike ulivyoyaelewa. Mstari wa juu kabisa ndio shahada ya kwanza unayoitafuta. Kama hujui kazi, andika mbili au tatu unazozifikiria na uone masharti yapi ni magumu zaidi; programu inayotimiza magumu huwa inatimiza na mepesi. Kinyume chake hakiwezekani.

Karatasi hiyo itakuchukua siku mbili tatu kuijaza. Usiende hatua ya pili bila hiyo.

Hatua ya 2: Tenganisha ithibati ya chuo na ya programu

Hapa ndipo watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Ithibati ya chuo inasema kwamba chuo ni halali na shahada zake zinatambulika. Ithibati ya programu hutolewa na chombo cha taaluma, na inasema kwamba masomo ya programu hii hii yanatosha kukupeleka kwenye hatua inayofuata. Chuo kinaweza kuwa na kibali, jina kubwa na maktaba ya ghorofa tano, na programu yake ya saikolojia isiwe kwenye orodha ya chombo cha taaluma.

Usiulize chuo kama kina ithibati. Nenda kwenye orodha ya chombo chenyewe, tafuta jina la programu neno kwa neno, na uangalie vitu vitatu: jina kamili, tawi la chuo, na tarehe ithibati inapomalizika. "Saikolojia" inaweza kuwa kwenye orodha na "Saikolojia na Menejimenti" ya chuo hichohicho isiwepo. Tawi la mji mkuu linaweza kuwepo na tawi jipya lisiwepo. Ukikuta maneno kama "imeandaliwa kwa kuzingatia viwango vya kimataifa" au "ithibati iko mbioni," yachukue kwa maana yake halisi: bado haipo.

Soma pia masharti yanayomhusu mwanafunzi mwenyewe. Chama cha Saikolojia cha Uingereza, kilichoanzishwa 1901, hutoa ithibati kwa shahada za kwanza, lakini mhitimu hatambuliwi na chama hicho kuwa ana msingi wa taaluma kwa kuwa tu amemaliza. Lazima awe amefikia daraja linalotakiwa na awe amefaulu mradi wake wa utafiti. Ukifeli mradi ukafaulu mengine yote, shahada unayo, utambuzi wa chama huna.

Kwa upande mwingine, wapo wanaojitisha bure. Chama cha Saikolojia cha Marekani (APA), kilichozaliwa 1892, hakitoi ithibati kwa shahada za kwanza kabisa. Kazi yake iko kwenye ngazi za juu. Ukiona tangazo la shahada ya kwanza "yenye ithibati ya APA," hilo si jambo la kukupa imani. Ni la kukufanya ufunge ukurasa.

Na kama nchi unayolenga haina chombo cha taaluma kinachokagua shahada za kwanza, rudi kwenye ile karatasi yako. Masharti ya kuingia uzamili yatachukua nafasi ya ithibati.

Hatua ya 3: Fungua mtaala, usome kozi baada ya kozi

Kaa chini na mtaala kamili. Kama hauko kwenye tovuti, andikia idara uuombe. Idara inayokataa kumpa mwombaji mtaala imeshakujibu swali moja kubwa.

Nitakuonyesha ninavyousoma mimi. Kwanza naangalia kama nguzo zote zipo. Shahada ya saikolojia iliyosimama vizuri huwa na misingi ya kibiolojia ya tabia (ubongo, neva, homoni), saikolojia ya utambuzi (kumbukumbu, umakini, lugha, kufikiri), ukuaji wa binadamu tangu utotoni hadi uzee, saikolojia ya jamii, tofauti za watu binafsi pamoja na haiba na upimaji, historia na mijadala ya msingi ya taaluma, na juu ya yote mbinu za utafiti na takwimu. Magonjwa ya akili kwa kawaida ni kozi moja au mbili za ziada. Mwanafunzi anayekuja akidhani atasoma magonjwa hayo miaka yote hupigwa na butwaa akikuta anasoma jicho linavyotambua rangi.

Pili, nahesabu takwimu na mbinu. Hapa ndipo nilipoangukia, kwa hiyo nisamehe nikirefusha. Tuseme una programu mbili mkononi. Ya kwanza ina kozi moja, "Utangulizi wa Takwimu kwa Sayansi za Jamii," mwaka wa kwanza, inayofundishwa pamoja na wanafunzi wa fani nyingine sita ukumbini. Baada ya hapo kimya hadi kuhitimu. Ya pili ina Takwimu I mwaka wa kwanza, ambako mnasoma wastani, mtawanyiko na uwezekano. Takwimu II mwaka wa pili, ambako mnalinganisha makundi na kutabiri kigeu kimoja kwa kingine. Mbinu za Utafiti zenye saa za maabara. Kisha Upimaji wa Kisaikolojia, ambako mnajifunza dodoso linavyotengenezwa na namna ya kujua kama linapima kile linachodai kupima. Na mwaka wa mwisho tasnifu. Kijitabu cha rangi cha programu ya kwanza kitakuwa kizuri zaidi. Chukua ya pili.

Angalia pia takwimu zinafanyiwa wapi. Muhtasari wa kozi ukitaja programu ya kompyuta, kama SPSS, R au jamovi, ni dalili njema, maana mtakaa na data wenyewe. Muhtasari usiotaja chochote huenda unamaanisha mnakariri fomula na kuziandika kwenye mtihani. Mimi nilihitimu nikiwa na uwezo wa kukokotoa kwa kalamu kitu ambacho hakuna mtafiti anayekikokotoa kwa kalamu, na sikuwahi kufungua faili moja la data.

Kwa nini takwimu zina uzito kiasi hiki kwenye somo la watu na hisia? Kwa sababu saikolojia ya kisasa ilijitenga na falsafa kwa kupima. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig mwaka 1879, tarehe ambayo vitabu vingi huihesabu kuwa mwanzo wa taaluma hii, alikuwa anapima muda ambao mtu huchukua kuitikia mlio au mwanga. Tangu hapo madai ya saikolojia yanasimama au kuanguka kwa vipimo. Na yanaanguka kweli: mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizokuwa zimetoka kwenye majarida yenye heshima. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimetoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu. Mwanafunzi asiyejua takwimu hana namna ya kujua kati ya anayofundishwa lipi lina miguu.

Kwa hiyo tatu, naangalia kama mtaala unalijua tukio hilo. Tafuta maneno kama kurudia tafiti, sayansi huria (kuweka data na mbinu wazi kwa wote), au kusajili mpango wa utafiti kabla ya kukusanya data. Yakikosekana kabisa, inawezekana muhtasari uliandikwa zamani na haukuguswa tena. Vivyo hivyo na swali la watu waliotafitiwa. Uchambuzi uliochapishwa 2008 wa majarida sita makubwa ulionyesha kwamba asilimia 96 ya sampuli zilitoka nchi ambazo kwa jumla zina takriban asilimia 12 ya watu wote duniani. Idara nzuri inalisema hili darasani na ina kozi ya saikolojia ya tamaduni au ya kijamii inayolishughulikia. Idara nyingine hufundisha matokeo ya wanafunzi wa vyuo vya nchi moja kana kwamba ndivyo binadamu alivyoumbwa.

Nne, tasnifu. Je, ni ya lazima, ya hiari, au haipo? Ni ya mtu mmoja au ya kikundi cha watu wanane? Inahitaji kukusanya data, au inatosha kusoma maandiko ya wengine? Milango mingi ya uzamili hutaka utafiti wa data uliofanywa na mwombaji mwenyewe. Kama programu inakuruhusu kubadilisha tasnifu na kozi mbili za ziada, marafiki watakushawishi uchukue kozi. Usikubali.

Mwisho wa hatua hii, masomo ya hiari. Haya ndiyo yanayovutia wateja: saikolojia ya uhalifu, ya michezo, ya matangazo, ya usingizi. Uliza ni yapi yalifundishwa kweli katika miaka miwili iliyopita. Orodha ya masomo ya hiari ishirini mara nyingi ina matano hai, mengine yanasubiri mhadhiri aliyehama.

Ukitaka kujijaribu kabla hujaomba, tafuta makala moja ya utafiti wa saikolojia inayopatikana bure kwenye intaneti, iwe juu ya jambo unalolipenda, na uisome hadi mwisho pamoja na sehemu ya matokeo iliyojaa namba. Hutaielewa yote, wala huhitaji. Jiangalie tu: unapofika kwenye jedwali, unataka kujua linasema nini, au unatafuta pa kulirukia? Wanaotafuta pa kulirukia huwa wanafurahia zaidi unasihi au ustawi wa jamii, na hakuna aibu.

Hatua ya 4: Walimu ni kina nani

Fungua ukurasa wa wahadhiri wa idara. Hesabu wangapi wana uzamivu katika saikolojia yenyewe, na wangapi wameazimwa kutoka elimu, falsafa au menejimenti. Tazama wanachapisha nini miaka hii. Huhitaji gwiji wa dunia, na kwa kweli gwiji mara nyingi yuko safarini na darasani anaingia msaidizi wake. Unachotafuta ni watu wawili au watatu wanaofanya kazi kwenye eneo lako, ili siku ya kutafuta msimamizi wa tasnifu uwe na pa kwenda.

Kisha uliza swali ambalo waombaji hawaliulizi: msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi wa tasnifu kwa mwaka? Ukisikia sita au nane, vizuri. Ukisikia arobaini, elewa kwamba utaandika peke yako na maoni yatakayorudi ni "rekebisha marejeo."

Hatua ya 5: Mafunzo ya vitendo

Hapa kuna maneno mawili ya kuchunga: "fursa" na "lazima." Programu inayosema mafunzo ya vitendo ni fursa inamaanisha utaitafuta mwenyewe. Inayosema ni lazima, uliza nani anatafuta nafasi, nani anasimamia, na kama msimamizi huyo ana usajili wa taaluma. Saa zilizosimamiwa na mtu asiyesajiliwa zinaweza zisihesabike popote.

Pia jua mipaka. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hatibu mtu. Atatazama, atasaidia kuendesha shughuli za kikundi, ataingiza data, atakaa kwenye vikao vya timu. Programu inayokuahidi "wateja wako mwenyewe" kufikia mwaka wa pili iogope, kwa ajili yako na kwa ajili ya hao wateja.

Uliza kamati ya maadili ya utafiti inafanyaje kazi kwa wanafunzi. Tangu majaribio ya utii ya Stanley Milgram yaliyoanza 1961, ambapo washiriki waliamriwa kumpa mtu mwingine mshtuko wa umeme waliodhani ni wa kweli, na lile la gereza la mfano la Stanford mwaka 1971, ambapo wanafunzi waliigiza askari na wafungwa, taaluma hii imebeba somo zito juu ya kuwatendea washiriki vizuri. Chuo ambacho wanafunzi hukusanya data bila kibali cha mtu yeyote kinawafundisha tabia itakayowafukuzisha kazi.

Hatua ya 6: Sanaa au Sayansi, mchanganyiko au peke yake, darasani au kwa masafa

Shahada ya Sanaa na Shahada ya Sayansi katika saikolojia zinaweza kuwa tofauti kubwa au jina tu. Kwa kawaida ya Sayansi huongeza takwimu, biolojia na maabara, na ya Sanaa huacha nafasi ya lugha, sosiolojia au falsafa. Lakini kuna vyuo ambavyo saikolojia iko kitivo cha sanaa kwa sababu za kihistoria na mtaala wake ni mgumu kuliko wa jirani aliye kitivo cha sayansi. Jina lisikupe shida; ulishasoma mtaala.

Mchanganyiko, kama saikolojia na lugha, saikolojia na sheria, saikolojia na sayansi ya kompyuta, unapendeza na mara nyingine unafungua kazi nzuri. Hatari yake ni hesabu: nusu ya kozi zimekwenda upande wa pili, na zilizobaki huenda zisifike kiwango cha ithibati. Uliza kiwango hicho ni krediti ngapi za saikolojia tupu, kisha uzihesabu mwenyewe.

Kusoma kwa masafa kunamfaa mwenye kazi au familia, na zipo programu za masafa zenye ithibati kamili. Angalia mambo mawili tu: maabara na mitihani vinafanyikaje, na kama chombo cha taaluma cha nchi yako kinakubali shahada ya masafa. Baadhi hukubali, baadhi huweka masharti.

Na kama tayari una shahada ya fani nyingine, usikimbilie kuanza upya miaka mitatu au minne. Katika nchi kadhaa kuna kozi za kubadili fani, za mwaka mmoja au miwili, zilizobuniwa kwa ajili ya watu kama wewe. Uingereza zinatambuliwa rasmi na chama cha taaluma.

Hatua ya 7: Ongea na aliyeko ndani

Siku ya kutembelea chuo watakupa mwanafunzi mchangamfu aliyevaa fulana ya chuo. Mshukuru, kisha umtafute mwingine, hasa wa mwaka wa mwisho, wiki zile za tasnifu. Usimuulize "programu ni nzuri?" maana atasema ni nzuri. Muulize maswali yenye majibu ya kupimika: Mara ya mwisho ulikutana lini na msimamizi wako? Waliohitimu mwaka jana unaowafahamu wako wapi leo? Ni kozi gani ilitangazwa na haikufundishwa? Maabara inafunguliwa saa ngapi? Nilipouliza hilo la mwisho chuo kimoja, wakati natafuta pa kufanyia mwaka wangu wa kujazia, kijana aliniuliza, "Maabara gani?" Nikaaga.

Idara nayo iulize wahitimu wao wangapi waliingia uzamili wa tiba au unasihi, na vyuo gani. Zinazofuatilia wahitimu wake zitakutajia bila kutafutatafuta. Zisizofuatilia zitakupa hadithi ya mhitimu mmoja maarufu.

Ada, ufadhili, umbali na makazi sijavigusa kwa sababu kila mtu anajua uzito wa mfuko wake. Nitaongeza moja tu: unapolinganisha gharama, hesabu safari nzima hadi leseni. Shahada ya kwanza ya bei nafuu inayokudai mwaka wa kujazia si nafuu, na mimi ni shahidi.

Hatua ya 8: Omba, kisha anza kutunza karatasi

Kwenye barua ya maombi, acha ile habari ya siri za watu. Wanaosoma barua hizo wameisoma mara mia. Taja jambo moja ambalo umelisoma au kuliona likakuachia swali, eleza swali lenyewe, na kwa nini programu yao, kwa kozi zake zenye majina, inaweza kukusaidia kulifuatilia. Kurasa za mtaala ulizozisoma hatua ya tatu zinalipa hapa.

Ukishapokelewa, fungua jalada, la karatasi au la kompyuta, na kila muhula uweke humo muhtasari kamili wa kila kozi: mada za kila wiki, saa za darasani, saa za maabara, vitabu, namna ya kupimwa, jina la mhadhiri. Bodi za usajili na vyuo vya nchi nyingine mara nyingi huomba muhtasari huo miaka baadaye, maana nakala ya matokeo inaonyesha jina la kozi na alama, haionyeshi kilichofundishwa. Mimi niliombwa wa kwangu miaka minne baada ya kuhitimu. Mhadhiri wa takwimu alikuwa amestaafu, tovuti ilikuwa imebadilishwa, na mkuu wa idara mpya hakuwa na habari. Aliyeniokoa ni karani wa masjala, aliyenipigia simu wiki ya tatu kuniambia kwamba amekuta sanduku nyuma ya kabati, kurasa mbili zimeliwa na mchwa, nyingine zinasomeka.